Barua Niliyokatazwa Kuitumia

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu chama kidogo cha kikomunisti cha Marekani, na sababu ya kukichagua haikuwa ya kujivunia. Wenzangu darasani waliandika mambo ya karibu: mmoja migogoro ya wakulima na wafugaji, mwingine serikali kuhamia Dodoma, mwingine visima vya vijijini. Kila mmoja wao alipowasilisha, palitokea mtu ukumbini aliyelijua jambo hilo kuliko yeye, akamsahihisha mbele za watu. Mimi niliogopa hilo. Nikatafuta mada ambayo Dodoma nzima pasingekuwa na mtu wa kuniuliza swali nisilolijua.

Kumbe alikuwapo, tena aliishi Kikuyu, si mbali na katikati ya mji.

Mwenye nyumba wangu wa Miyuji ndiye aliyenitajia. Aliniona nimekaa kibarazani na kompyuta, akaniuliza nasoma nini, nikamweleza huku nikitarajia ashangae. Hakushangaa.

"Basi nenda kwa mwalimu wangu," akasema. "Alitufundisha siasa chuo cha ualimu, enzi zile. Alikuwa akiandikiana na mwanamke wa chama hicho hicho. Ana sanduku zima la magazeti yao."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Nilimkuta mama wa Kigogo wa miaka sabini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma. Nikamwamkia kwa neno moja la Kigogo nililokuwa nalo, mbukwa, halafu nikaongeza shikamoo.

"Marahaba. Wewe si Mgogo."

"Hapana, mwalimu. Mimi ni wa Singida."

"Basi nisalimie kwa lugha uliyo na uhakika nayo. Kaa."

Nikakaa. Akaniuliza kama nimesoma ilani za chama hicho au nimesoma watu walioandika juu yake. Nikajibu kwamba nimesoma vyote viwili. Nilikuwa nimesoma utangulizi wa kitabu kimoja. Sijui kama aliuona uongo huo, lakini aliinuka, akaingia ndani, akarudi akivuta sanduku la bati sakafuni.

Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akilishika gazeti, analisogeza puani, analirudisha, halafu analitaja kwa kumbukumbu: hili la mwaka walipomsimamisha kugombea urais yule mzee aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha chuma, hili la mgomo wa akina mama wa viwanda vya nguo, hiki kijitabu cha ilani, soma ukurasa wa nne. Nilifungua ukurasa wa nne, na kweli lilikuwapo lile alilolisema.

Kwa miezi minne nilikwenda pale kila Jumamosi. Yeye ndiye aliyenifundisha mada yangu. Naandika hivyo sasa. Wakati ule, kwenye ukurasa wa shukrani, nilimwandika kama "mtoa taarifa mmoja, Kikuyu".

Alinieleza kwamba wakomunisti wale hawakuamini kuwa ubepari ungeondolewa kwa karatasi za kura peke yake, lakini waligombea hata hivyo. Walitaka wafanyakazi wa rangi zote wakae chama kimoja. Miaka ya njaa na ukosefu wa kazi kule kwao, kabla ya vita kuu ya pili, walimsimamisha mtu mweusi kugombea umakamu wa rais, wakati ambapo majimbo mengine mtu mweusi hakuthubutu hata kusogelea kituo cha kupigia kura. Huo ndio uchaguzi waliofanya vizuri kuliko chaguzi zote, na hata hapo hawakufika kura moja katika kila mia. Baadaye viongozi wao walifungwa jela, sheria za majimbo zikawafungia milango, na kwa miaka mingi hawakuonekana kwenye karatasi ya urais. Waliporudi walimsimamisha mwanamke mweusi, na majina yao yalichapishwa kwenye majimbo mawili matatu tu. Wakaendelea kugombea na kuanguka mpaka wakaacha kabisa kusimamisha mgombea wa urais, wakawaambia wafuasi wao wakipigie chama kikubwa kimojawapo ili kuzuia walio wabaya zaidi.

"Walikuwa na makosa yao," alisema siku moja. "Waliifuata Moscow hata mahali ambapo mtu mwenye macho alipaswa kusimama. Nilimwandikia rafiki yangu hivyo. Tulinuniana mwaka mzima."

Rafiki huyo alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, kwenye mji mmoja wa baridi kaskazini mwa Marekani. Walifahamiana kwa barua, kupitia jarida la akina mama lililokuwa likifika chuoni. Mmarekani yule aligombea udiwani wa jiji lake mara nyingi kupitia chama chake, na mpaka anafariki hakushinda hata mara moja. Mwalimu alipomwandikia kwamba huku kwetu, zama za chama kimoja, rais alipigiwa kura ya ndiyo au hapana, na wagombea ubunge wawili wa chama hicho hicho walishindanishwa mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, yule mama alijibu kwamba angependa sana kugombea kwa alama ya nyumba, kwa sababu yeye hakuwa na nyumba yake mwenyewe wala jembe.

Mwalimu alikuwa akicheka kila alipofika hapo. Kicheko chake kilikuwa cha kelele, kimoja tu, halafu anafuta macho kwa pindo la kitenge.

Nilimuuliza kwa nini mtu agombee mara zote hizo akijua ataanguka. Akasema alimuuliza swali hilo hilo, na jibu lilikuwa kwamba wakati wa kampeni unaweza kugonga mlango wa mtu usiyemjua na akakusikiliza mpaka mwisho. Siku nyingine angeita polisi.

Barua zilikuwa thelathini na kitu. Alinipa zote nikazipige picha kwa simu, isipokuwa moja. Ilikuwa kwenye bahasha ya bluu, na aliitoa mwenyewe kwenye fungu kwa kuipapasa stempu.

"Hii usome uelewe alikuwa mtu wa namna gani," akasema. "Lakini usiitumie. Hii ni yangu na yeye."

"Sawa, mwalimu."

Niliisoma pale pale. Ukurasa wa kwanza ulieleza uchaguzi mmoja wa udiwani. Yule mama alikuwa ameandika kwamba matokeo ya kituo chake yalipobandikwa, kura zake zilikuwa pungufu kuliko watu waliokuwa wakila mezani kwake. Nyumbani mwake walikuwamo mume, mama mkwe, watoto wawili wakubwa na mpangaji waliyemgawia chumba, wote wapiga kura, na jioni ile ile wote walirudi kula. Ukurasa wa pili niliupitisha macho tu. Nikaona maneno ya kifamilia, pole na salamu, nikaurudisha kwenye bahasha. Lakini kabla ya kuurudisha ule wa kwanza, mwalimu alipoinuka kwenda kuipua chai, niliupiga picha.

Sikuwa nimeamua kuitumia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia ni ya kumbukumbu.

Siku ya kuwasilisha matokeo ya utafiti ilipangwa Jumatano asubuhi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwalika mwalimu. Nilitaka msimamizi wangu aone kwamba chanzo changu ni mtu hai, mwenye mvi na kitenge. Nilimwambia saa nne, akasema atakuja kama atapata bajaji ya kumfikisha kule juu chuoni.

Mwenzangu aliyenitangulia aliwasilisha kuhusu visima, na watu walisinzia. Wengine walitoka kabisa. Msimamizi wangu aliniinamia kwenye kiti, akaninong'oneza, "Wewe wachangamshe. Ukiwapoteza hawa, umekwisha."

Nikafungua kompyuta nikiwa nimekaa pale pale, nikaiingiza ile picha ya barua baada ya slaidi ya tisa. Ilichukua muda usiozidi dakika moja.

Nilianza vizuri. Nilieleza asili ya chama, itikadi yake, mfululizo wa chaguzi zake. Halafu nikaona kwamba kila nikitaja kushindwa, ukumbi unachangamka. Niliposema kwamba chama kinachotaka kuupindua mfumo wa dunia kimeshindwa kupata diwani, mtu akacheka. Nikaongeza chumvi. Nikasema hawa walikuwa na viongozi wengi kuliko wanachama. Nikasema walifikia hatua ya kukipigia debe chama cha wengine, kama timu inayoshuka daraja halafu inashangilia mpinzani. Hayo ya mwisho sikuyaandika popote, yalinijia mdomoni, na watu walipiga meza.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mwalimu akaingia, ameshikwa mkono na dereva wa bajaji aliyemfikisha kwenye kiti kisha akatoka. Alikuwa amevaa gauni la kitenge jipya na viatu vya kufunga, na mkoba ameushika mbele kwa mikono miwili. Nilimwona. Nikamtikisia kichwa. Nilikuwa kwenye slaidi ya tisa.

Kwa miaka kadhaa nimewaambia watu waliouliza kwamba sikumwona. Nilimwona. Nilikuwa na muda wa kubonyeza mara mbili badala ya mara moja na kuiruka. Kidole kilikuwa kwenye kitufe, na nilifikiri, nakumbuka wazi kabisa nilivyofikiri, kwamba yeye haoni vizuri, hataisoma pale ukutani. Nilisahau kwamba ningeisoma kwa sauti.

Nikabonyeza. Nikaisoma. Nilipofika kwenye watu waliokula mezani, nikatua kidogo, kama mchekeshaji, ndipo nikamalizia kwamba kura zilikuwa pungufu kuliko wao. Ukumbi ulilipuka. Msimamizi wangu, mtu asiyecheka, alivua miwani akaifuta.

Nikatazama nyuma. Mwalimu alikuwa amekaa vile vile, wima, uso umeelekea kwangu. Hakuwa akilia. Alikuwa akisikiliza kwa makini, jinsi mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi anayekosea, akimngojea amalize.

Kikafika kipindi cha maswali. Nilimwona akiinua mkono. Mwenyekiti wa kikao alimpa nafasi, akamwita bibi.

"Sina swali," alisema. Sauti yake ilifika mbele bila kipaza sauti. "Nilitaka tu kuwaambia kwamba huyo mama hakuwa mjinga. Ni hilo tu. Asanteni."

Akakaa. Mtu wa mstari wa mbele akaniuliza kuhusu mbinu za utafiti, nikajibu kwa kirefu. Nilipomaliza kupokea pongezi nilikimbilia nyuma. Kiti kilikuwa kitupu.

Nilikaa siku tisa bila kwenda Kikuyu. Nilipata alama nzuri, na barua ile nikaiingiza kwenye sura ya nne ya tasnifu, kwa kuwa ndiyo iliyosifiwa. Katika kundi letu la simu wenzangu waliniita "diwani" kwa utani, nami nikawa naitikia. Siku ya kumi nilinunua sukari na majani ya chai nikaenda.

Alinipokea. Laiti angenifukuza ingekuwa nafuu. Aliniletea kiti, akaniuliza hali ya nyumbani Singida, akaniuliza kama mvua imeshuka huko. Zile sukari na majani alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka juu ya meza, na hazikuondoka pale hadi naaga.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Siku ile ukumbini, sikukuona umeingia. Ningekuona, nisingeisoma."

"Uliniona," akasema. "Ulinitikisia kichwa. Mimi sioni herufi, mwanangu. Mtu akitikisa kichwa naona."

Nilitazama sakafu ya saruji, palikuwa na ufa mmoja uliokwenda hadi mlangoni, nikaufuata kwa macho mpaka mwisho.

Akapapasa kwenye mfuko wa gauni, akatoa ile bahasha ya bluu.

"Nisomee," akasema. "Yote. Siku ile ulisoma nusu."

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza niliusoma bila kutua pale nilipokuwa nimetua kuchekesha watu. Nikaendelea ukurasa wa pili, ule niliouona ni wa pole na salamu.

Ulikuwa wa pole kweli. Yule mama wa Marekani alikuwa akimjibu mwalimu. Mwaka vyama vingi viliporudi nchini, mwalimu alikuwa amegombea udiwani kupitia chama kidogo kilichosema bado kinaamini ujamaa. Alianguka vibaya. Akina mama wa kanisani walimcheka, wanafunzi wake wa zamani walimkwepa njiani, na mumewe, aliyekuwa mtu wa chama kikubwa, alimwambia waziwazi kwamba hakumpigia. Mwalimu alimwandikia rafiki yake kwamba hawezi tena kwenda kuchota maji bombani mchana, anangoja watu watawanyike. Ndipo rafiki akamwandikia habari ambayo hajawahi kumwambia mtu: ile ya kura na meza. Akaandika kwamba jioni ile aliwapikia wote vilevile, viazi na kabichi, akawapakulia sawasawa, na hakuuliza nani alimpigia na nani hakumpigia. Akamwambia mwalimu: kesho nenda bombani saa sita mchana, jua la utosi, foleni ikiwa ndefu.

Nilipomaliza, mwalimu alinyoosha mkono, nikamrudishia.

"Ulikwenda bombani?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Nilikwenda."

Nilimwahidi kwamba nitaitoa barua ile kwenye tasnifu kabla haijajalidiwa. Nilimaanisha. Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamweleza. Alisikiliza huku akitafuta faili jingine.

"Hiyo ndiyo roho ya kazi yako," akasema. "Ukiitoa, sura ya nne yote inabidi iandikwe upya. Irudi kwa watahini. Mahafali yatakupita. Jina la huyo mama si umelificha?"

"Nimelificha."

"Basi umefuata maadili ya utafiti. Tatizo liko wapi?"

Nilisema hakuna tatizo. Nikatoka, nikapeleka tasnifu ikajalidiwa kama ilivyo. Wiki mbili baadaye mwalimu alinipigia simu kuuliza kama mambo yamekwenda salama. Nikamwambia yamekwenda, na kwamba ile barua nimeitoa.

"Umefanya vizuri," akasema. "Hongera."

Nilivaa joho. Wazazi walikuja kutoka Singida, tukapiga picha. Mwaka uliofuata nikapata kazi kwenye wizara mojawapo huko Mtumba, kwenye mji wa serikali, na kila asubuhi nikawa napita njia ya Kikuyu nikitazama upande wa pili wa barabara. Mara mbili, kwenye semina za kazi, watu walinijia wakasema, "Wewe si ndiye wa ile hadithi ya meza?" Nikasema ni mimi. Mara ya pili niliisimulia tena, kwa sababu mkuu wangu wa idara alikuwapo na alitaka kuisikia. Naliandika hili kwa sababu ningependa kuliacha.

Miaka miwili na kitu ikapita hivyo. Siku moja mwenye nyumba wangu aliniambia mwalimu amefanyiwa upasuaji wa macho, yote mawili, na sasa anasoma mwenyewe. Nilifurahi kwa namna mtu anavyofurahi habari za mtu anayemkwepa. Wiki iliyofuata akanipigia.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Kama zamani."

Nilimkuta amevaa miwani, na mezani mbele yake pana daftari la shule la kurasa mia moja. Hakunitazama mara moja. Alipekua.

"Nilikwenda maktaba ya chuo," akasema. "Siku tatu. Walinipa kiti karibu na dirisha, vijana wana adabu. Nimesoma tasnifu yako yote."

Nikajua.

"Sura ya pili ni nzuri. Sura ya tatu umechanganya. Unasema waliacha kugombea urais kwa sababu waliacha itikadi. Sivyo. Wao walisema kwamba adui mkubwa akiwa mlangoni, unaungana hata na usiyempenda. Hiyo ni itikadi yao ya tangu zamani, walishaifanya kabla ya vita. Unaweza kusema ni kosa. Mimi nasema ni kosa. Lakini huwezi kusema hawakuwa na sababu." Akageuza ukurasa wa daftari. "Halafu unaandika neno itikadi mara nyingi mno bila kusema ni itikadi ipi. Watu wanaamini kitu. Kiandike kitu chenyewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ile ipo bado. Ukurasa wa themanini na saba."

"Ndiyo, mwalimu."

"Uliniambia umeitoa."

"Nilikudanganya."

Akavua miwani. Bila miwani alionekana mzee kuliko nilivyomjua. Nilijikuta nimeshuka kwenye kiti, nimepiga magoti kwenye ile saruji, mtu mzima mwenye kitambulisho cha wizara shingoni, maana Jumamosi hiyo tulikuwa na kazi ya ziada nami nilitoka huko moja kwa moja. Niliomba radhi. Safari hii sikuongeza maelezo yoyote.

"Inuka," akasema. "Mimi si mwenye barua. Barua ni ya aliyeiandika."

"Lakini ameshafariki, mwalimu."

"Ana binti. Ndiye aliyeniandikia habari za msiba. Anwani hii hapa. Mwandikie yeye, umweleze ulichofanya na siri ya mama yake. Ukishamaliza, tuone."

Niliandika rasimu saba. Za mwanzo zote zilikuwa na maneno ya kitaaluma: muktadha, chanzo, tafsiri. Mwalimu alizisoma kwa macho yake mapya, akazirudisha bila kuzitia alama. Ya nane ilikuwa fupi. Nilisema nilipewa barua ya mama yake kwa masharti, nikayavunja ili watu wacheke, wakacheka. Nilisema nimeisimulia tena baadaye kwa kutaka sifa. Niliweka anwani ya mwalimu ya kupokelea majibu, kama alivyotaka. Wakati huo huo nilikwenda maktaba kuuliza kama ule ukurasa unaweza kuondolewa. Wakasema nakala iliyohifadhiwa haibadilishwi, lakini mwandishi anaweza kuweka karatasi ya masahihisho ndani ya jalada. Nikaandika karatasi hiyo, nikaeleza habari ya sharti, na ukurasa wa pili wa barua ulisema nini, bila kuunukuu. Sijui kama kuna mtu ataifungua.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Mwalimu hakuifungua bahasha mpaka nilipofika. Akanipa mimi niisome, nadhani kwa mazoea tu, maana miwani ilikuwa usoni kwake.

Binti aliandika kwa mkono. Alisema hakujua kwamba mama yake aliwahi kuandika jambo lile. Nyumbani halikuzungumzwa kamwe. Alisema yeye alikuwa mmoja wa wale watoto wawili wakubwa waliokula mezani jioni ile. Alikuwa na miaka ishirini na moja, alikuwa na mchumba ambaye wazazi wake waliwaogopa wakomunisti, na alimpigia mgombea mwingine. Alikula viazi vya mama yake akiwa na hakika kwamba mama hajui. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na binti hakumwambia. Sasa anaona kwamba mama alijua kuanzia jioni ile. Kwangu mimi aliandika sentensi moja tu: kwamba hana haki ya kunihukumu, lakini asingependa kukutana nami.

Nilikunja karatasi. Nilidhani mwalimu atanigeukia mimi. Badala yake alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Binti yake mwenyewe!" alisema. "Miaka yote ile! Aliniandikia kwamba ana hakika na wale watoto. Alidhani ni mume na mama mkwe na mpangaji. Aliniandikia, watoto wangu najua walinipigia."

Hilo halikuwamo kwenye barua zozote nilizopiga picha. Nilitaka kuuliza liko kwenye barua ipi, nikajizuia.

Alivua miwani, akaiweka mezani kando ya vikombe. Nje mwanamke wa jirani alikuwa akipepeta ulezi. Niliona hasira yake dhidi ya binti ni kubwa kuliko hasira yoyote aliyowahi kunionyesha mimi, na nikaona aibu mpya, kwamba mimi ndiye niliyeichokoa siri ile ikatoka, na sasa imemfikia binti, ambaye mama yake alikusudia isimfikie kamwe.

Ni mwezi huo nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya. Nilidhani atakataa. Aliuliza tu kama nitaandika na lile la kumtikisia kichwa, nikasema nitaandika. Akasema basi sawa, lakini majina yasiwepo, hata la chama, kwa sababu chama bado kipo na kina watu.

Siku ile ya barua ya binti, alivaa tena miwani, akachana karatasi kutoka kwenye daftari lake, akaanza kuandika. Aliandika pande zote mbili. Mkono wake ulikwenda polepole, herufi kubwa za ubaoni. Mara moja alisimama akaniuliza viazi na kabichi kwa Kiingereza vinaandikwaje, halafu akasema acha, anakumbuka. Alipomaliza alikunja, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi, akaibonyeza kwa ngumi kwenye meza mpaka ikashika.

"Ipeleke posta," akasema. "Leo hii, kabla hawajafunga."

Sikuuliza ameandika nini, kama amemlaani au amempa pole. Nilitembea kwa miguu toka Kikuyu hadi posta, bahasha nimeishika mkononi, sikuitia mfukoni. Mhudumu wa dirishani aliipima, akaniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia sijui, si yangu.

"Lazima ujue," akasema.

"Ni barua tu," nikasema. Akagonga muhuri.